Mlango wa Mahoteli

"Bibi, angalia, sasa iko milango tatu," mjukuu wangu Nuru aliniambia kiwandani kwetu Magarama, akinionyesha tovuti mpya ya sabuni zetu. "Ya maduka, ya mashule, na hii ya mahoteli."

Mlango wa mahoteli ulikuwa na picha yangu. Mikono yangu, iliyobabuliwa na soda kali ya kupikia sabuni, imeshika mche wa sabuni. Chini ameandika kwamba kila sabuni ya hoteli naikata mimi mwenyewe.

"Lakini mi Jumamosi narudi Muyinga, nikapumzike kwa dada yangu. Nilikuambia."

"Bibi weee! Hoteli mbili zimeshaomba sabuni tangu asubuhi. Zinakutaka we, si mashine."

Alikwisha kunipangusia kisu cha kukatia sabuni. Akakigeuza, mpini ukaelekea kwangu.