Nyuki Waliorudi na Miiba Yao

Vita vya nyuki katika mzinga wa ng'ambo viliwachosha wote, basi Malkia akawaita askari warudi. Mama Sikudhani, mlezi wa makinda, akakimbilia mlangoni, roho juu, akamwona mwanawe, mzima kabisa.

Mlinzi akawazuia askari nje. "Mmerudi na miiba yenu? Basi hamkupigana. Waoga hawaingii."

"Kaka, nyuki akichoma anakufa," mama akasema. "Ulitaka nipokee mabawa matupu?"

Mara Kima, aliyesikia kwamba mzinga hauna askari, akanyoosha mkono achukue asali. Askari wakavuma wote kwa pamoja. Kima akatimua mbio bila kuchomwa hata mara moja.

Mlinzi alikuwa ameganda palepale mlangoni.

"Sogea, kaka," mama akamwambia, "mwoga wangu aingie akale."