Nywele za Kwenye Picha

"Mtindo uleule?" Hidaya aliuliza, chanuo mkononi.

Msusi huyo aliuliza kwa mazoea tu. Tangu Chausiku apeleke maombi ya viza ya biashara, kila aliporudi saluni alitaka asukwe kama alivyokuwa kwenye picha ya maombi, ili siku akiitwa ubalozini wasije wakasema si yeye. Ng'ambo kulikuwa na mwenye duka aliyetaka kukaa naye na kuvishika vikapu vyake vya ukindu kabla ya kuagiza. Ubalozi nao ulikuwa na jibu moja: subiri.

Chausiku alijitazama kwenye kioo. "Leo nisuke mwingine."

"Upi?"

"Wowote. Nimechoka kumtunza yule wa kwenye picha."

Hidaya alikuwa amefumua upande mmoja tu simu ya Chausiku ilipoita mezani. Namba ngeni. Vidole vya msusi vikasimama.

"Pokea, dada. Huenda ni wao."

Kwenye kioo, nusu ya kichwa ilikuwa bado ya picha. Nusu nyingine nywele zilisimama zinavyotaka zenyewe.

"We endelea kufumua," Chausiku alisema, ndipo akanyoosha mkono kuichukua simu.