Mzee wa Leso

Fimbo ya mzee iligonga plasta mpya, ikachora duara. Maana yake ilikuwa moja tu: bomoeni na hapa.

Fundi mkuu aliashiria nyundo iletwe. Ofisi ilishamwambia kwamba mhandisi atapita kuukagua ukuta wa bahari, na safari hii kazi ikikataliwa, ajitafutie shughuli nyingine. Dhoruba ilikuwa imeuachia ukuta nyufa kila upande, naye, kwa haraka zake, alikuwa amezifunika juu juu kwa plasta. Ndani mlikuwa na hewa tupu.

"Shemeji, huyu mtu anatafuta nini?" alinong'ona kaka wa mkewe, nyundo mkononi.

"Kosa. Mhandisi atafute nini kingine? We gonga."

Kilichomtoa jasho zaidi ni kwamba mzee alijua nyufa zilipokuwa. Hakuwa na ramani wala futi, lakini fimbo yake ilikwenda moja kwa moja. Na tangu afike asubuhi hakufungua kinywa. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso kama mtu aliyesikia uvundo, na fundi aliamini uvundo wenyewe ni kazi yake.

Akajaribu ukarimu. Akaagiza mahindi ya kuchoma, yale yaliyokauka vizuri. Mzee aliyatazama kwa majonzi, akatikisa kichwa. Alikubali uji tu.

"Tumekwisha," fundi alisema. "Huyu hahongeki."

Kipande kingine kikaporomoka. Mzee akainama, akachungulia, akaguna. Fimbo ikasogea kushoto. Kazi ya wiki nzima ikawa kifusi, na shemeji akaanza kusema kwa sauti kwamba dada yake aliposwa pia na fundi cherehani, mtu mtulivu kabisa.

Ghafla mzee akaitupa fimbo. Alipiga magoti kwenye vumbi bila kuihurumia suruali yake iliyopigwa pasi, akaingiza mkono ndani ya ufa hadi kwenye kiwiko, akatoka na kitu alichokifumbata. Akateremka ngazi, akakisuuza baharini, akiwa amewapa mgongo.

"Kapata ushahidi," fundi alisema, akakaa chini juu ya mfuko wa saruji. Alikuwa anamfikiria mkewe, na jinsi atakavyomwambia.

Mzee alipanda ngazi taratibu. Leso ilikuwa imerudi mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anatabasamu, meno yamejipanga meupe mstari mzima, na chembe ya plasta kwenye moja.

"Ahsanteni, wanangu," alisema, kila neno likimtoka safi. "Mngejaza saruji mpaka ndani, ningekunywa uji maisha yangu yote. Na mhandisi wenu akija kuuliza nani kabomoa, mwambieni ni chafya niliyopiga hapa siku ya dhoruba."