Mtani Aliyekatazwa Kunitania

Siku hizi Mahakama ya Mwanzo ni mashine ya ukutani inayosikiliza na kusema, kila nyumba na yake, na hukumu hutoka kabla chai haijapoa. Ya kwangu iko juu ya friji.

Jirani yangu Kihwele, Mhehe, alikuwa mtani wangu tangu ujana. Siku hiyo alinikuta nachambua mchele. "We Mngoni," akasema, "nitakuuza mnadani ninunue mbuzi mwenye akili."

Ukuta ukauliza, "Mama Haule, ametishia kukuuza?"

Nikajibu huku nacheka, "Ndiyo, tena leo leo!"

Ikahukumiwa asinisogelee wala kunisemesha maisha yake yote. Nilikata rufaa wilayani, nikaeleza utani ni nini. Nikajibiwa kwamba ushahidi wangu mwenyewe unatosha.

Juzi tumemzika mume wangu. Kwetu mtani ndiye huwachekesha wafiwa mpaka wakaweza kula. Kihwele alisimama ng'ambo ya barabara, kafumba mdomo, machozi yanamtoka. Chakula kilipakuliwa, kikapoa.

Niliporudi ndani, ukuta ukanipa pole, kisha ukaniuliza kama kuna mtu yeyote aliyenisumbua msibani.