Jasho la Mfuniko

Fundi magari alifunua chungu cha umeme kwa mara ya saba, akachungulia, akafunika. Chokoleti na maziwa mazito ya kopo vilikuwa vinayeyuka polepole, na biskuti alizozivunja kwa nyundo zilingoja kwenye bakuli. Akazunguka meza. Akaenda dirishani, akarudi.

Asubuhi ile binti yake alikuwa amemwambia kwenye simu, "Nakuja kuchukua vyeti vyangu tu, Baba. Siketi." Miaka miwili hajakanyaga hapa, na tangu utotoni tofi ya biskuti kama hii ndiyo iliyokuwa ikimlainisha.

Akafunua tena. Jasho la mfuniko likadondokea ndani, na chokoleti ikashikana ikawa kama mchanga. Alivyozidi kukoroga ndivyo ilivyozidi kukakamaa.

Mlango ukagongwa.

Binti aliingia na mkoba begani, akapokea bahasha ya vyeti wima wima. Kisha harufu ikamvuta jikoni.

"Baba! Umefunika?"

"Si kimekuja na mfuniko wake?"

"Hayo si maharage! Mama alikuwa anaacha wazi." Akamnyang'anya mwiko. "Lete maziwa ya moto, haraka, kabla haijawa lami."

Fundi akageukia jiko. Nyuma yake akasikia mkoba ukitua juu ya kiti.