Povu Mferejini

"Jamani, hata kwangu sabuni tumeisahau! Mke wangu anafulia majani ya mpapai kama ninyi," alijitetea Eliamini, muuza duka la ujamaa, akiwafungia mlango akina mama waliopanga foleni.

Bibi mmoja, aliyetaka kipande tu cha kufulia nepi za mjukuu, aliitazama kola nyeupe ya Eliamini, kisha akaketi kando ya mfereji ushukao mlimani, akatumbukiza miguu.

Mara povu zito likaja likielea, likamganda kwenye kifundo cha mguu.

"Maji ya mlimani hayo, bibi," Eliamini akacheka. "Yakikimbia sana hutoa jasho."

Bibi akalichota, akalinusa, akawanusisha wenzake.

"Mwanangu, kule juu mfereji unakotoka, kuna nyumba nyingine zaidi ya yako?"