Uso wa Aliyefutwa

Mtu akishafutwa na Mamlaka, sura yake ilikatazwa kubaki popote. Mwanahawa alipenda kuchora kwa rangi za maji: birika, mapapai, paka wa jirani. Adhuhuri moja moyo ulimshinda, akamchora Shekue, mumewe aliyefutwa. Kabla rangi haijakauka, mkaguzi wa picha akaingia bila hodi.

Mkaguzi aliitazama picha kitambo, kisha akafunga mlango.

“Dada, hata mwanangu walimfuta,” alinong’ona. “Nikikueleza alivyokuwa, utanichorea?”

Machozi yalimlengalenga mkaguzi. Lakini watu walisema wakaguzi hufundishwa hata kulia.

Mwanahawa alichovya brashi majini.

“Macho yake yalikuwaje?”